Chombo kidogo cha tanga nje ya visiwa: yanayosemwa na yalivyo

“Kidogo hakifai bahari kuu.” Mwaka 1965 Mmarekani Robert Manry alivuka Atlantiki kutoka Massachusetts hadi Uingereza kwa siku 78, kwa mashua ya tanga yenye urefu wa mita 4 na ushei. Lakini ilikuwa na kibanda, na yeye mwenyewe alijifunga kamba. Mawimbi yalimtupa majini mara kadhaa akapanda tena. Dau la mita 6 la pale Msasani, Dar, linaizidi urefu, ila liko wazi. Maji yakifika vifundoni mwa miguu, umeshabeba karibu nusu tani, nayo hayatulii: chombo kikilalia demani (upande usiopigwa na upepo), yote yanakimbilia hukohuko. Wimbi linalovunjika lenye kimo cha theluthi ya urefu wa chombo likikipiga ubavuni linaweza kukipindua. Kwa dau hilo ni mita 2 tu. Kwa hiyo mawimbi yakikua, omo, yaani mbele ya chombo, iyakabili, usiyape ubavu.

“Nimekwenda Unguja kwa saa 8, nitarudi kwa saa 8.” Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kutoka Dar hadi Unguja mjini ni kama maili 40 za bahari, karibu kaskazini moja kwa moja. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikikusukuma kwa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa), saa 8 zinatosha. Kurudi ni kubisha, yaani kwenda kwa zigizaga dhidi ya upepo. Tanga letu haliukabili upepo uso kwa uso. Likijitahidi linakwenda nyuzi 60 hivi kutoka unakovuma, na kwa pembe hiyo maili 40 zinakuwa 80. Kwa noti 4 ni saa 20. Halafu kuna mkondo wa pwani, unaokwenda kaskazini mwaka mzima na hukaza zaidi wakati wa kusi. Noti 1 tu ya kukupinga, na kila saa unasogea maili 1 badala ya 2: saa 40. Maji ya kunywa uliyoweka ya siku moja hayakufikishi. Si ajabu siku hizi hata vyombo vya tanga vina mashine tezini, yaani nyuma.

“Kaskazi haina neno.” Ni kweli, upepo huu wa kutoka kaskazini kwa kawaida ni pole kuliko kusi. Lakini mkondo haugeuki na upepo: unaendelea kwenda kaskazini huku upepo ukielekea kusini, na vikikutana wimbi linakuwa fupi na wima. Chombo kifupi hakipati nafasi ya kuinuka kabla ya wimbi la pili.

“Upepo ukizidi tutabadili tanga hukohuko.” Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 20, nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne, si mara mbili. Na kubadili maana yake ni kuteremsha foromali nzima (mti unaobeba tanga), kufungua tanga kubwa, kufunga dogo, kisha kupandisha, huku mti wa mita 7 ukiyumba juu ya vichwa na chombo kikilala ubavu kwa mawimbi. Fungeni tanga dogo pwani, au mkiwa bado mmejikinga nyuma ya kisiwa cha Mbudya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja kilomita 40 kwa saa, hizo ni karibu noti 22. Siku hiyo sisi tungebaki na nanga.

“Mbao haizami.” Mbao, sawa. Farumi ya mawe (uzito wa kutuliza chombo), mashine na barafu ya samaki je? Madumu 10 matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, yanainua kama kilo 200. Yafungwe chini ya viti, yakigusa mbavu za pande zote mbili. Yakirundikwa katikati chini, chombo kilichojaa maji hupinduka. Msitegemee mkono wa dumu, hukatika: kamba izunguke tumbo lake mara mbili. Chombo kikijaa, kaeni nacho. Ubavu wake huonekana mbali. Kichwa cha muogeleaji, wimbi moja tu linatosha kukificha.