Matembezi ya msitu wa Karura na yoga: maswali na majibu

Nianze na yoga au matembezi?

Anza na matembezi. Usiku, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana kiuno huwa kigumu ukiamka. Ukikimbilia kuinama ushike vidole vya miguu na misuli ya nyuma ya mapaja bado imekaza, nyonga hazikunjiki vya kutosha, mzigo wote unaangukia kiuno. Tembea polepole dakika 10, kisha ongeza mwendo kwa dakika 20 hadi 30: uweze kuongea, lakini ushindwe kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki.

Kuna faida gani kwenda msituni badala ya kutembea mtaani?

Njia za udongo na mizizi hufanya kifundo cha mguu kijirekebishe kila hatua, jambo ambalo lami haikupi. Na hakuna moshi wa matatu. Karura ina zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, na tunaifaidi kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliipigania mwishoni mwa miaka ya 1990 isigawiwe wajenzi.

Nifanye mikao gani nikimaliza kutembea?

Miwili ukiwa wima, mmoja wa kulala. Kwanza simama mbele ya mti, uegemeze viganja kwenye shina, urudishe mguu mmoja nyuma. Kisigino kikae chini na vidole vielekee kwenye mti. Utasikia shavu la mguu likivutika. Kisigino kikiinuka, usilazimishe. Sogeza mguu mbele kidogo. Pumua mara 6, kisha badilisha.

Halafu mkao wa mti. Simama kwa mguu mmoja, ugandamize ardhi kwa kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Wayo wa mguu wa pili uuweke chini ya goti au juu yake, kamwe usiuegemeze kwenye goti lenyewe, maana goti halikuumbwa kusukumwa kutoka ubavuni. Kaza macho kwenye kitu kilichotulia. Ukitazama majani yanayopepea, utayumba nayo.

Mwisho lala chali dakika 5, uvute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6. Vaa sweta kwanza, jasho hupoa haraka kivulini. Na kabla ya kutandika mkeka kagua ardhi vizuri, hasa baada ya mvua: msafara wa siafu hauonekani mpaka waanze kupanda miguuni.

Nina presha, au ni mjamzito. Je?

Kama presha haijadhibitiwa, au una glakoma (ugonjwa wa macho), acha mikao yote inayoshusha kichwa chini ya moyo, na usibane pumzi. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu ukiinuka ghafla: geuka ubavu, kaa kidogo, ndipo usimame. Mjamzito kuanzia mwezi wa 5 asilale chali, alale ubavu. Ukihisi kifua kubana, simama hapo hapo uende hospitali.

Magoti huniuma nikiteremka.

Fupisha hatua na usinyooshe goti hadi mwisho unapokanyaga. Udongo mwekundu ukilowa huteleza, siku hiyo chagua njia tambarare.