Je, wajua kwa nini pikipiki inakubali kwenda na choki tu?

Unapiga kiki asubuhi, inawaka. Unaiacha ipate moto dakika mbili tatu, unarudisha choki, inazima papo hapo. Ukivuta choki tena, inanguruma kama haijawahi kuumwa. Dalili hii huonekana sana kwenye injini za Honda CG125, zilizoanza kutoka mwaka 1976, na ndugu zao wengi wa Kichina waliojaa vijiweni. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Choki ni kibati kinachoziba mdomo wa kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Hewa ikibanwa hapo, mvuto wa injini unafyonza petroli zaidi. Kwa hiyo choki si mbovu. Inafidia tu petroli inayokosekana kwingine.

Injini ya petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli, na kabureta hupima uwiano huo kwa njia tofauti kadiri unavyozungusha mkono wa mafuta. Kuanzia mkono uliofungwa hadi kama robo, kazi ni ya jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli). Robo hadi robo tatu inatawala sindano iliyoshikwa na slaidi, kipande kinachopanda na kushuka ukizungusha mkono, na juu ya hapo jeti kubwa. Basi chunguza kabla hujashika spana: ikizima ukiachia mkono lakini ukipiga resi inachanganya, mshukiwa wa kwanza ni jeti ndogo. Ikitulia vizuri kijiweni lakini ikakohoa kwenye mwendo mkubwa, tazama jeti kubwa, au petroli haishuki ya kutosha.

Kushuka kwa petroli ndiko kunakopimwa haraka zaidi. Chomoa mpira wa mafuta pale kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki ya tangi. Petroli itoke mfululizo, si matone. Ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba na tangi linaivuta petroli nyuma. Kabureta ngapi zimefunguliwa bure kwa kosa la kifuniko! Kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, mwaga kilichomo kwenye chupa inayoonyesha. Maji, kama yapo, yatakaa chini kama shanga.

Halafu tafuta hewa ya wizi. Injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo pale kabureta inapoungana na injini. Mlio ukibadilika, oringi au gasketi ya hapo imechoka: weka mpya. Usijaribu kuponya kwa kukaza nati hadi mwisho, kwani flenji, yaani bamba la kuungia, hupinda na uvujaji unazidi.

Yote hayo yakiwa salama, fungua jeti ndogo. Injini iwe imepoa, koki imefungwa, sigara mbali. Jeti ya Keihin, watengenezaji wa kabureta, yenye namba 38 ina tundu la takriban milimita 0.38 tu. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, petroli ya kwenye kikombe huyeyuka hewani na kuacha utando wa njano kama gundi, nao huziba tundu jembamba kabla ya mengine. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa jeti, maana shaba yake ni laini na ukiiumiza kichwa haitoki tena. Iinue kwenye mwanga: unatakiwa kuona duara kamili, lisilo na ukungu.

Usichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu la 0.38 likipanuka hadi 0.42 jicho halioni, lakini eneo lake limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na kuanzia siku hiyo utalalamikia moshi mweusi. Iloweke usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia hewa ya kompresa. Njia iliyochimbwa ndani ya mwili wa kabureta nayo ipulizwe, boya (kinachoelea kikombeni na kuifunga petroli kikijaa) likiwa limeshatolewa, hadi hewa itokee kwenye kitundu kilicho mbele ya slaidi.

Skrubu ya mchanganyiko, kabla hujaitoa, ikaze polepole hadi iguse huku ukihesabu mizunguko. Ukiirudisha, anzia mzunguko mmoja na nusu. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua kunaongeza hewa. Rekebisha injini ikiwa moto, tafuta mlio ulio juu na tulivu, kisha shusha hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Baada ya kutembea kilomita chache, toa plagi. Rangi ya biskuti ni nzuri, nyeupe bado ina njaa ya petroli, masizi meusi imeshiba kupita kiasi.

Na kama baada ya kufunga petroli inadondoka kwenye mpira wa kumwagia, uchafu umekaa chini ya sindano ya boya, au ncha yake imeliwa na kubaki na pete. Funga koki, kisha nusa kijiti cha kupimia oili. Kikinukia petroli, mwaga oili yote kabla ya kuwasha tena.