Maestà: maana yake nini?

Maestà ni neno la Kiitaliano lenye maana ya utukufu wa kifalme. Katika sanaa ya kidini limekuwa jina la aina moja ya picha: Bikira Maria ameketi kwenye kiti cha enzi, amempakata Mtoto Yesu, na malaika wamewazunguka, mara nyingi pamoja na watakatifu. Maria akilia chini ya msalaba si maestà, hata picha iwe nzuri namna gani. Kiti kisipokuwepo, jina hilo halifai.

Iliyo maarufu zaidi ni ya mchoraji Duccio di Buoninsegna, iliyochorwa kwa ajili ya altare ya kanisa kuu la Siena, mji wa Italia. Mkataba uliandikwa mwaka 1308, ujira ukiwa soldi 16 (sarafu za enzi hizo) kwa kila siku ya kazi. Tarehe 9 Juni 1311 picha ilitolewa karakana ikapelekwa kanisani kwa maandamano, maduka yamefungwa na kengele zinalia.

Shamrashamra zote hizo kwa mbao zilizopakwa rangi? Ndiyo, kwa sababu mwaka 1260, kabla ya kupigana na mji hasimu wa Firenze huko Montaperti, watu wa Siena waliukabidhi mji wao kwa Maria, na wakashinda. Tangu hapo alikuwa malkia wao, na malkia hupelekewa maombi. Tazama mbele ya kiti: watakatifu wanne wasimamizi wa mji wamepiga magoti kama mawakili. Miguuni pa Maria kuna maandishi ya Kilatini yanayomwomba aipe Siena amani, kisha ampe Duccio uzima, kwa kuwa amemchora hivi. Fundi kajipenyezea ombi lake mwenyewe! Mimi napapenda hapo kuliko dhahabu yote iliyomo.

Maria huyo ni mkubwa mno kuliko wote waliomzunguka. Si kwamba mchoraji alikosea vipimo; katika picha hizi ukubwa ni cheo. Dhahabu iliyo nyuma yake nayo si anga wala ukuta, ni nuru ya mbinguni. Rangi zilikorogwa kwa kiini cha yai, na nyuso zilitangulizwa rangi ya kijani kabla ya ile ya ngozi. Ya juu ikichakaa, kijani hujitokeza, ndiyo maana watakatifu wengi wa enzi hizo wanaonekana kama wana homa.

Mwaka 1771 kazi hiyo ya Duccio ilibomolewa. Sehemu kubwa imebaki Siena, na vipande vingine viko London, Washington, New York na Madrid.

Anayetaka kuona maestà ilivyobadilika aende jumba la Uffizi, Firenze, zilipo ya mchoraji Cimabue, nyingine ya Duccio ya mwaka 1285, na ya mchoraji Giotto. Maria wa Cimabue ni kama anaelea juu ya kiti chake. Wa Giotto magoti yanasukuma kitambaa cha nguo, na unaona kabisa kwamba amekaa.