Sini ya 42

Tuzo yangu ya kwanza ya uandishi wa skripti siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa chumba changu usijibamize upepo ukivuma. Ni nzito, ina kitako kipana, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Wiki iliyopita niliiinua sakafuni nikaipangusa vumbi, kwa sababu nimeombwa kuwa jaji wa skripti kwenye tamasha moja, na fomu inataka nitaje tuzo nilizowahi kupata. Nikaandika jina la filamu, nikaandika mwaka, halafu kalamu ikagoma.

Tuzo ile nilipewa kwa sini, yaani onyesho moja la filamu, ambayo sikuiandika. Au niseme vizuri: niliiandika, kisha nikaifuta.

Sini ya 42 ilikuwa na kurasa 4. Mwalimu mstaafu anakwenda ofisini kuuliza aliko mwanawe, aliyechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha. Afisa aliye mezani ana daftari kubwa la majina. Wanazungumza. Prodyuza wangu alisoma skripti nzima, akanirudishia kurasa hizo 4 zikiwa zimebanwa peke yake kwa kibanio chekundu, pembeni kaandika neno moja: “Bodi.” Yaani bodi ya kukagua filamu. Hakuna aliyenitisha. Bodi yenyewe haikuwa imeona hata ukurasa mmoja. Usiku uleule nikaketi nikazifuta kwa mkono wangu, nikabakiza nusu ukurasa. Mzee anaingia. Mlango unafungwa. Tunabaki nje, koridoni, tunatazama benchi tupu. Mzee anatoka, kofia mkononi.

Majaji waliusifu sana ukimya ule. Mmoja wao alinishika mkono ukumbini akaniambia ni nadra kukutana na mwandishi kijana anayejua kunyamaza. Nikasema ahsante. Kunyamaza nilikujua kweli, ila si kwa namna aliyoidhani.

Kila msimu wa tuzo unapofika yanarudi yale mabishano: siasa zikae mbali na filamu. Ukisikiliza vizuri utagundua wanaolalamika wanazungumzia hotuba. Hotuba hazijawahi kuninyima usingizi. Mtu anapewa dakika zake, muziki unapandishwa, anashuka jukwaani, kesho yake watu wanajadili gauni lake. Siasa ninayoijua mimi humfikia mwandishi mapema zaidi, filamu ikiwa bado ni karatasi, na alama zake mtazamaji hazioni kwa sababu ni za vitu visivyokuwepo: sini iliyotolewa, jina lililobadilishwa.

Habari ya majina aliyeionja kuliko wote ni Dalton Trumbo, mwandishi wa skripti wa Hollywood. Mwaka 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwaita watu wa Hollywood kuwahoji kama ni wakomunisti. Trumbo na wenzake 9 wakakataa kujibu. Wakahukumiwa kwa kulidharau Bunge, yeye akafungwa mwaka 1950, na studio zikafunga milango. Njaa haingoji siasa zitulie, kwa hiyo aliendelea kuandika, ila kwa majina ya kuazima. Hadithi ya Roman Holiday, ile ya binti mfalme anayetoroka kwenda kuzurura mjini Roma, ilikuwa yake. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la rafiki yake, Ian McLellan Hunter, na mwaka 1954 tuzo ya Oscar ya hadithi ikaenda kwa Hunter.

Miaka 3 baadaye ikatokea tena, safari hii karibu na vichekesho. Hadithi ya The Brave One ilishinda, mwandishi akatajwa kuwa Robert Rich. Watu wakageuza shingo ukumbini. Hakuna Rich. Mwenzake mmoja wa chama cha waandishi akapanda kuipokea kwa niaba yake, na sababu iliyotolewa ni kwamba Rich yuko na mkewe anayejifungua. Mwandishi mwenyewe, bila shaka, alikuwa Trumbo. Baada ya hapo kipengele hicho cha hadithi kikaondolewa moja kwa moja, kwa hiyo katika orodha mshindi wake wa mwisho alikuwa mwandishi wa kubuni. Ningeleta wazo hilo kwenye skripti ningeambiwa nimezidisha chumvi.

Sanamu ya The Brave One alikabidhiwa mwaka 1975. Mwaka uliofuata akafa. Ya Roman Holiday alikuja kupewa mjane wake, mwaka 1993. Na yeye hakuwa peke yake: tuzo ya skripti ya The Bridge on the River Kwai ilikwenda kwa Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga riwaya, ambaye hata Kiingereza cha kuandikia skripti hakuwa nacho. Walioiandika, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa kwenye orodha nyeusi, ile ya walionyimwa kazi Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Sanamu zao zilipokuja kutolewa, wote wawili walikuwa wameshazikwa.

Msomaji anaweza kusema jina ni jina tu, mradi kazi imeonekana. Asiyewahi kuuza skripti ndiye husema hivyo. Katika kazi hii jina kwenye skrini ndilo linaloamua malipo ya baadaye, ndilo prodyuza wa pili anatafuta kabla hajakupigia simu. Trumbo chini ya majina ya kuazima aliandika skripti lukuki kwa bei ya kutupa, huku zilizoshinda zikimpandishia bei mtu mwingine au kivuli.

Wakati mwingine si jina zima linalogombaniwa, ni herufi moja. Ousmane Sembène, mpakua mizigo bandarini Marseille aliyegeuka mwandishi wa riwaya, kisha akaamua kutengeneza filamu ili awafikie wasiojua kusoma, alimaliza Ceddo mwaka 1977. Serikali ya Senegal ikaizuia. Sababu rasmi: kwa tahajia ya Kiwolofu iliyowekwa na serikali, neno hilo linaandikwa kwa d moja, naye kaweka mbili. Rais alikuwa Léopold Sédar Senghor, mshairi na msomi wa sarufi, kwa hiyo huenda herufi ile ilimkera kweli. Lakini filamu yenyewe inahusu dini kuingia kwa mabavu na watu kuuzwa utumwani, na sidhani kama ingepita hata kwa d moja. Sembène hakuifuta. Mimi nilifuta kurasa 4 kwa kuona kibanio.

Upo pia upande wa kanuni za tuzo zenyewe, ambazo wengi huziona ni mambo ya makarani. Kwa kanuni za mwaka 2018, kwenye Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni kila nchi ilipeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya nchi hiyo, na ilibidi iwe imeoneshwa hadharani kwenye sinema angalau siku 7 mfululizo. Mwaka huo Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, ilipigwa marufuku nyumbani kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Kahiu akaenda mahakamani, na Septemba mwaka huo jaji akasimamisha marufuku kwa siku 7. Saba kamili. Sinema za Nairobi zikajaa, siku zikaisha, marufuku ikarudi. Kamati ikapeleka Supa Modo, ambayo nayo ni filamu nzuri, na sitaki kuipima kwa kesi isiyo yake. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba kanuni ya tuzo ya ng’ambo ndiyo iliyowapa Wakenya wiki moja ya kutazama filamu yao. Wanaotaka siasa zitenganishwe na tuzo sijui wangekata wapi hapo.

Nirudi kwenye fomu. Kabla ya kuijaza nilitafuta rasimu ya kwanza, yenye kurasa zile 4, nikiwa nimejiandaa kuhuzunika. Nikasoma. Ni mbovu! Afisa anaongea kama tahariri ya gazeti. Mwalimu anajibu kwa aya, kila aya ina mfano wa historia. Nilikuwa na miaka 26 na nilitaka mzee yule aseme yote niliyokuwa nimeyasoma. Nusu ukurasa ulioandikwa kwa woga ni bora kuliko kurasa 4 zilizoandikwa kwa ujasiri, na jambo hilo limenikaa kooni wiki nzima. Yule jaji alikuwa sahihi kuhusu filamu, akakosea kuhusu mwandishi.

Ila kwenye ukurasa wa tatu, katikati ya hotuba, kuna mistari ambayo sikumbuki hata kuiandika. Ile ningeweza kuiokoa. Haimtuhumu mtu, na bodi ingepata taabu kueleza inakataza nini. Niliifuta pamoja na takataka kwa sababu nilikuwa nafuta kwa kurasa, si kwa maneno. Mtu mwenye hofu hahariri, anang’oa.

Fomu nimeijaza, tuzo nimeitaja, sanamu imerudi mlangoni. Mistari yenyewe ni hii, kama ilivyo:

AFISA (anapitisha kidole daftarini): Hayumo.
MWALIMU: Tazama tena.
AFISA: Mwalimu, nimetazama. Kuna Abibu tu.
MWALIMU: Habibu. Linaanza na H.
Kimya. Mwalimu anachomoa kalamu mfukoni, anamnyooshea.
MWALIMU: Sahihisha.