Kuumia Naye Siyo Kumwelewa

Wiki hii tena. Muuguzi mmoja, sare bado ipo chini ya sweta, kikombe cha chai amekikumbatia kwa mikono miwili bila kunywa: "Dada, nina huruma mno, ndiyo maana silali. Nimeamua sasa niwe na roho ngumu." Hapa Mbeya nimeyasikia maneno haya kwa walimu na kwa akina mama wanaouguza wazazi wao, hadi nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Dhana: Mwenye huruma ya kweli huumia kama anayeumia.

Hapana! Kumwelewa mtu ni jambo moja, kuzama naye ni jingine. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani C. Daniel Batson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi habari za msichana mwenye shida kubwa. Walioambiwa wamuwazie yeye anajisikiaje walimhurumia. Walioambiwa wawazie wangejisikiaje wao walimhurumia pia, ila wakapata na dhiki yao wenyewe. Ile "ningekuwa mimi" tunayoipenda ndiyo inayotunyima usingizi. Ukishaitamka, habari si yake tena.

Roho ngumu nayo si dawa. Mwaka 2014 Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao walichapisha utafiti ambamo watu walizoezwa kwanza kuhisi maumivu ya wanaoteseka kwenye video, wakazidi kuelemewa. Walipozoezwa kuwaelekezea upendo na kuwatakia heri, hisia njema zilipanda, ingawa bado walitazama mateso.

Nenda msibani Uyole uone. Kuna jirani anayempa mfiwa mkono, anakaa naye kimya kwenye mkeka, kisha anainuka kimyakimya kumkorogea uji kwa sababu ameona midomo yake imekauka. Huyo amemwona mfiwa. Anayelia hadi kuzimia ana uchungu wa kweli, simlaumu, lakini sasa wanatafutwa watu wa kumpepea yeye.

Dhana: Huruma mtu huzaliwa nayo.

Utafiti wa Varun Warrier na wenzake wa mwaka 2018, wa watu zaidi ya 46,000, ulikuta vinasaba vilivyopimwa, yaani tunavyorithi kwa wazazi, vinaeleza takribani sehemu ya kumi tu ya tofauti za huruma baina ya watu. Basi jizoeze.

Dhana: Kumsikiliza mtu ni kumpa ushauri.

Nyamaza kwanza. Mwambie ulichosikia, akusahihishe. Ushauri akiutaka ataomba.

Muuguzi yule nimempa kazi moja tu. Kabla ya kumsogelea mgonjwa anayelia, ashushe pumzi, avute kiti, aulize: "Kwako wewe ikoje leo?" Asikilize jibu hadi mwisho. Akitoka pale, amtakie heri kwa jina lake, moyoni, ndipo aende kitanda kinachofuata. Zamu ya usiku pia.