Nyaya tatu kati ya kompyuta na roboti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Roboti nyingi za kujifunzia huwa na bongo mbili. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, husoma kamera na kuchagua njia. Arduino Uno, bodi ndogo ya kudhibiti vifaa, huendesha mota. Kati yao hupita mawasiliano ya siriali, yanayotuma biti (0 au 1) moja baada ya nyingine, kwa nyaya tatu tu: wa kutuma (TX), wa kupokea (RX) na wa graundi, yaani volti sifuri. Kwa uchache wake watu huzidharau. Dhana zilezile husikika kwenye maabara za vyuo vya Dar es Salaam na kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, na mojawapo huua bodi.

"Nyaya zikigusana, bodi zitaelewana."

Hii ndiyo inayoua. Pini za Pi hutumia volti 3.3 na hazikuundwa kupokea zaidi ya hapo, ilhali Uno hutoa volti 5. Kutoka Pi kwenda Uno hakuna shida, kwa kuwa Uno huzisoma volti 3.3 vizuri. Hatari iko kwenye zile 5 zinazorudi. Pi inaweza isife papo hapo. Itafanya kazi kwa muda, kisha pini moja inyamaze, na mwenyewe aanze kulaumu programu yake. Kinga yake ni resista mbili za bei ndogo kabisa: ya omu 1000 kutoka TX ya Uno, ikifuatiwa na ya omu 2000 kwenda graundi. Zinapokutana utapata takribani volti 3.3, na hapo ndipo pa kuunga RX ya Pi. Pima kwa mita kwanza, kisha uunge.

Mashine yenye soketi ya RS-232, kiwango cha zamani cha siriali, ni habari nyingine. Volti zake zinaweza kufika 15, chanya na hasi, na biti ya 1 huwa ni volti hasi. Huko resista hazitoshi. Tafuta chipu ya MAX3232, inayobadilisha volti hizo.

"Kila upande una betri yake, graundi ya nini?"

Volti hupimwa kwa kulinganisha nukta mbili. Bila graundi ya pamoja, Pi haina pa kuanzia kupima, hivyo betri mbili zinaidai graundi hiyo zaidi. Kwa hewa yetu ya pwani, pini za nyaya rahisi hushika kutu mapema, kwa hiyo roboti ikianza kuweweseka, kagua waya wa graundi kwanza. Na TX huenda kwa RX, si kwa TX mwenzake.

"Nitatumia USB, niepuke yote hayo."

Suala la volti utaliepuka kweli. Lakini programu ya Pi inapofungua mlango wa siriali, Uno kwa kawaida hujiwasha upya, na amri za sekunde moja au mbili za mwanzo hupotea. Subiri Uno itume neno la kusema iko tayari. Usitegemee pia jina kama ttyUSB0, kwani hubadilika ukichomeka vifaa kwa mpangilio mwingine. Kwenye Pi, tumia njia zilizo ndani ya /dev/serial/by-id, zinazoitambua bodi kwa namba yake. Na kama una nakala mbili za Uno zenye chipu ya USB ya CH340, ambayo mara nyingi haina namba yake ya kipekee, tumia by-path, inayofuata tundu la USB.

"Kasi kubwa ndiyo bora."

Saa ya Uno ya megahezi 16 haigawanyiki sawasawa kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Hukosea kwa asilimia 2.1. Mara nyingi hupita, lakini kwa 38400 kosa ni asilimia 0.2 tu, na kwa 250000 halipo. Amri fupi za mota hazihitaji haraka kubwa.

"Nimetuma, basi imefika."

Ni sawa na kumkabidhi utingo mzigo pale Stendi ya Magufuli bila kuchukua risiti. Siriali hupeleka baiti. Haijui ujumbe unaanzia wapi wala kama ulipokewa. Ukisoma, unaweza kupata nusu ya amri, na nusu nyingine ije baadaye. Mota zenye kelele za umeme zinaweza kugeuza biti njiani, na kasi ya 20 ikasomeka 148. Kila amri ipewe alama ya kuanzia, urefu, na baiti ya kuhakiki mwishoni. Isiyolingana itupwe.

"Amri zikikatika, roboti itasimama."

Haitasimama. Mota hubaki na kasi ya mwisho iliyoagizwa. Hata iRobot Create 2, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, ikipewa amri ya kwenda (namba 137), huendelea kwenda hata Pi ikizima. Kwa roboti yako, Pi itume amri kila milisekunde 100, na Uno ikipitisha milisekunde 500 bila kusikia kitu, ikate mota yenyewe. Saa ya kuhesabu milisekunde hizo iwe ndani ya Uno, kwa sababu Pi ndiyo tunayoshuku imekufa. Kisha ijaribu: inua magurudumu, endesha, chomoa waya wa siriali. Yakiendelea kuzunguka, usiiweke roboti sakafuni penye watu.