Seva ya PES 6 Haibebi Mechi Yako

"Seva yenu nzito, ongezeni nguvu ya mashine." Sisi tunaotunza seva za mashabiki za Pro Evolution Soccer 6 (PES 6), mchezo wa soka wa kompyuta, tumeyasikia haya hadi masikio yameota sugu.

Seva haibebi mechi yako. Kazi yake ni kukuingiza, kukuonyesha vyumba na waliomo, kukukutanisha na mpinzani na kuandika matokeo filimbi ya mwisho ikilia. Mpira ukishaanza, kompyuta yako na ya mwenzako huzungumza moja kwa moja kwa UDP, njia ya kutuma data haraka bila kusubiri uthibitisho, kwa kawaida kupitia poti (mlango wa data wenye namba) 5739. Ndiyo maana unacheza vizuri na huyu, kisha unakwama na yule muda mfupi baadaye, seva ikiwa ileile. Na kama mechi haianzi kabisa, kagua poti hiyo kwenye ruta yako kabla ya kutuandikia.

Hapo ndipo mtu hujibu: "Lakini nina intaneti ya kasi ya Mbps 100!" Hazikusaidii. Amri za vitufe ni data ndogo mno. Kinachoamua ni muda wa data kwenda na kurudi, na zaidi ya hapo, utulivu wa muda huo. Pingi, yaani muda huo, ya milisekunde 90 isiyoyumba inachezeka kuliko ya 40 inayoruka hadi 300 kila mtu wa chumba cha pili anapopakua filamu. Wi-Fi ndiyo mkosaji wa kwanza. Chomekeni kebo, jamani! Umbali nao hauna dawa: mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mpinzani aliye kilomita 10,000 kutoka kwako anakugharimu milisekunde 100 za kwenda na kurudi kabla ya kuhesabu ruta hata moja. Mashine yetu ingekuwa kubwa kiasi gani, isingepunguza hata moja kati ya hizo.

Wengine huogopa faili la hosts wakidhani ni virusi. Mstari unaouongeza unaielekeza kompyuta tu kwamba jina la seva ya zamani ya Konami, kampuni iliyotengeneza mchezo, sasa liende kwenye anwani yetu. Uandike mwenyewe kwa Notepad. Anayekutumia programu ya kukufanyia kazi hiyo ndiye wa kuogopwa.

Konami haikutupatia programu yake ya seva. Mashabiki waliiunda upya kwa kuchunguza data ambayo mchezo hutuma na kupokea. Takwimu zako za enzi za seva ya Konami hatunazo, hatujawahi kuwa nazo.

Kuna pia wanaosema mchezo umezeeka, hauna mwenyewe. Unaye. Kwa sheria ya Japani, haki ya kazi ya kampuni hudumu miaka 70 tangu itolewe. Mchezo wa 2006 unalindwa hadi mwisho wa 2076. Kwa hiyo njoo na nakala yako halali, usituombe kiungo cha kupakua.